Kabla Shamba Halijazungushiwa Uzio: Barua ya Wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kakamega

Kwa Mheshimiwa Fernandes Barasa, Gavana wa Kakamega,
na kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi wote,



Ombi langu nalitanguliza ili msilitafute mbali. Mpango wa kawi wa kaunti yetu na mpango wa matumizi ya ardhi iandikwe kwenye meza moja, na ndani yake yatajwe wazi mashamba ambayo hayatageuzwa kuwa uwanja wa kuzalisha umeme, hata umeme wenyewe uwe safi kiasi gani. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka huohuo inawapa ninyi uwezo wa kukubali au kukataa shamba libadilishwe matumizi. Ninyi ndio wenye ufunguo, na ni vizuri uamuzi kuhusu kufuli ufanywe kabla mgeni hajabisha hodi.

Siandiki haya kwa sababu naichukia kawi safi. Nani wa Ekero, hapa Mumias, anayeweza kuuchukia umeme? Rais mwenyewe amewahi kukiri kwamba baadhi ya maeneo ya nchi hukatiwa umeme kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kwa sababu hautoshi. Saa hizo ndizo mama aliyetoka shambani anapopeleka debe la mahindi kisiagini. Ndizo saa za kinyozi, za fundi wa kuchomelea vyuma, za mtoto wa shule na za muuguzi anayehofia jokofu la chanjo. Giza la jioni linatugharimu, na kila anayetafuta dawa yake anastahili kusikilizwa.

Lakini tuitazame dawa yenyewe. Paneli ya sola huzalisha umeme jua likiwaka, na hapa kwetu alasiri nyingi za msimu wa mvua hutawaliwa na wingu zito, radi na mara nyingine mvua ya mawe. Saa moja usiku, wakati kisiagi kinapougua, paneli imelala. Bila betri kubwa, na betri hizo ni ghali, bustani ya sola hapa Mumias haitawasha taa hata moja ya jioni ile tunayoilalamikia. Itauza umeme wa saa sita mchana kwenye gridi ya taifa, na pengine ni biashara nzuri kwa mwenye mtaji. Basi isije kwetu ikiwa imevaa joho la kutuondolea giza.

Hesabu ya ardhi nayo inatisha. Kituo cha sola cha Garissa, kilichozinduliwa 2019, kina uwezo wa megawati 50 na kidogo, nacho kimekaa kwenye hekta 85, yaani kama ekari 210. Garissa mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na ardhi iliyotumika haikuwa shamba la mahindi la mtu. Ichukueni hesabu hiyohiyo muilete Ekero, ambako mvua hupita milimita 1,500 na familia inayomiliki ekari moja na nusu huhesabiwa kuwa imejaliwa. Ekari 210 hapa ni riziki ya familia 140. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 1,867,579 katika kaunti hii, watu 618 kwa kila kilomita mraba. Hatuna ardhi ya akiba. Kila ekari inayozungushiwa uzio ina jina la mtu, ina kaburi la babu pembeni, ina mihogo upande wa mto na mahindi upande wa barabara.

Ardhi hii ilijulikana kwa chakula kabla haijajulikana kwa sukari. Misafara ya pwani iliyokuwa ikielekea Uganda ilipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kwa sababu hapa ilipata nafaka ya kuivusha safari. Joseph Thomson alipita 1883, na waliomfuata walipafanya hapa kituo cha kununua chakula, hata serikali ya kikoloni ikaweka makao yake papa hapa. Watu hawakuja Elureko, kama palivyoitwa hapa zamani, kufuata dhahabu. Walikuja kufuata wimbi na mtama.

Kisha ikaja miwa. Kampuni ya Mumias Sugar ilianzishwa 1971 na kiwanda kikaanza kusaga 1973. Familia zilizokuwa zikiishi kwenye shamba kuu la kampuni zilihama zikalipwa fidia, na nyingine maelfu zikafanywa wakulima wa nje, wakipanda miwa kwenye vipande vyao wenyewe. Faida ilikuwapo, nami siifuti. Karo zililipwa, mabati yakang'aa, Ekero ikakua kutoka njia panda hadi soko. Ila muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na katika muda huo shamba halitoi sufuria ya maharagwe. Tulijifunza kununua unga wa mahindi katika nchi ambayo misafara ilikuwa ikija kununua nafaka.

Nayakumbusha haya kwa sababu Mumias ndiyo iliyotuonyesha kawi jadidifu kabla neno hilo halijaingia redioni. Mwaka 2009 kampuni ilizindua mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya miwa, wenye uwezo wa megawati zaidi ya 30, na megawati 26 kati ya hizo zilikusudiwa gridi ya taifa. Mradi ulisajiliwa chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza hewa chafu ili uuze hati za kaboni. Mwaka 2012 ukaongezewa kiwanda cha ethanoli. Nyaya zikapita juu ya mapaa ambayo usiku chini yake ziliwaka koroboi. Umeme ulizalishwa kwa mabaki ya muwa wa mkulima, lakini mkulima alilipwa kwa uzito wa muwa, na faida ya makapi ilikuwa hesabu ya watu wengine. Kisha kampuni ikadorora, wakulima wakabaki wanadai, na Septemba 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaiweka chini ya mrasimu. Desemba 2021 ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda kwa miaka 20, na kesi zikafuata kesi.

Mheshimiwa Gavana, kituo kikubwa cha kawi safi katika kaunti yako kimeshajengwa, juu ya ardhi ambayo tulishaitoa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Boila ya makapi haingoji jua. Wakati wa kusaga huzalisha mchana na usiku, na saa moja jioni ni saa kama saa nyingine kwake. Wenzetu wa Uganda wanalijua hilo: kiwanda cha Kakira, karibu na Jinja, kina uwezo unaopita megawati 50 kutokana na makapi hayahaya. Kabla ekari moja mpya ya mahindi haijaguswa Ekero, Shianda, Matungu au Butere, Kaunti iseme hadharani mtambo wa Mumias uko katika hali gani, nani anaumiliki, nani anaudai, na itachukua nini kuufufua. Najua kampuni si mali ya Kaunti. Lakini sauti ya Gavana ina uzito mbele ya benki, mbele ya Waziri na mbele ya mwekezaji, na safari hii mkataba wa miwa uwe na kipengele kinachompa mkulima sehemu ya pesa za umeme.

Hapo pia naweka mpaka. Kufufua mtambo kusigeuke kisingizio cha kupanua miwa juu ya mashamba ya chakula. Mumias hiyohiyo ilishirikiana na TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, kutaka hekta 20,000 za Delta ya Tana kwa ajili ya miwa, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ikaidhinisha mwaka 2008. Wafugaji na wakulima wa kule wakaenda mahakamani, wanaharakati wa mazingira wakasimama nao, na mradi ukafifia. Wapokomo waliokuwa wakilima mpunga kwenye mafuriko ya Tana waliona mapema kitu ambacho sisi tulichelewa kukiona.

Wewe binafsi, Mheshimiwa, huhitaji mimi kukufundisha jinsi ardhi inavyoweza kukwamisha umeme. Kabla ya kuchaguliwa 2022 uliongoza KETRACO, kampuni ya kusafirisha umeme. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa imesimama tayari huku laini ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haijakamilika, na matatizo ya kupata njia ya nyaya yalikuwa miongoni mwa sababu. Laini ikakamilika 2018. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi huo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Umeme unaosifiwa duniani kote umesimama juu ya hati zenye ufa. Sehemu ya hayo ni kwa sababu mazungumzo na wenye ardhi yalifanywa nusunusu, au yalifanywa na watu wasiostahili kusema kwa niaba yao.

Lililo karibu zaidi na hali yetu, hata hivyo, ni la Kinangop. Kule Nyandarua ni nchi ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, na vipande vya ardhi ni vidogo kama vyetu. Mradi wa upepo wa megawati 60 ulikuwa na fedha, ulikuwa na leseni, ulikuwa na mkataba wa kuuza umeme. Ulichokosa ni imani ya wakulima. Wengine hawakujua nguzo ingesimama wapi, wengine waliogopa kufukuzwa, wengine walisikia jirani kalipwa kiasi ambacho wao hawakuahidiwa. Mapema 2015 maandamano yakageuka vurugu na mtu akapoteza maisha. Mwaka 2016 wawekezaji wakaufunga mradi. Nchi ilipoteza umeme, mwekezaji akapoteza mamilioni ya dola, na familia moja ikapoteza mtu wao kwa jambo ambalo baraza la wazi lililoitishwa mapema lingeweza kulituliza.

Hapa Ekero hatari hiyo ina sura yake. Hati nyingi za mashamba bado zina majina ya mababu waliokwisha kufariki. Ndugu watano wanalima shamba moja, mipaka yao ni miti ya mkingu na makubaliano ya mdomo, na kesi ya mirathi haijafunguliwa kwa sababu ya gharama. Sasa aje wakala na mkataba wa miaka 25 mkononi. Atatia sahihi nani? Mara nyingi ni kaka mkubwa, au yule mwenye simu, au yule aliyemhifadhia baba makaratasi. Mjane anayelima robo ya shamba hilo atasikia habari trekta likiwa limeshaingia. Sheria inataka idhini ya bodi ya ardhi kwa ukodishaji wa shamba, na inamlinda mwenzi wa ndoa. Bodi inayoketi siku moja na kupitisha mafaili kwa mafungu haiwezi kuuona uso wa yule mjane. Naomba Kaunti iweke sharti kwamba hakuna kibali cha kubadilisha matumizi kitakachotolewa kabla wote wanaolima shamba hilo hawajasikilizwa papo hapo shambani, kwa Kiswahili na Kiwanga, na kabla mirathi haijakamilika kwa gharama ya mwekezaji.

Tukiachana na uzalishaji, nyaya nazo zinakula ardhi. Laini ya kilovolti 132 inahitaji njia ya upana wa mita 30. Katika nchi ya ranchi za ekari elfu, mita 30 ni mstari mwembamba. Katika shamba la ekari moja na nusu inaweza kuchukua zaidi ya theluthi ya shamba, na chini yake hupandi mkaratusi wala hujengei kijana wako nyumba. Fidia hukadiriwa kwa sehemu ya thamani ya ardhi, kana kwamba anayebakiwa na kipande kilichokatwa katikati bado ana kitu cha maana. Laini mpya zifuate kingo za barabara na mipaka ya mashamba kila inapowezekana, hata kama nguzo mbili tatu zitaongezeka.

Sasa, wapi paneli zikae? Maana sisemi zisiwepo.

Zianze juu ya mapaa. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja kuzalisha umeme wake hadi megawati moja na kubadilishana ziada na gridi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kimekuwa na kilowati 600 juu ya mapaa yake tangu 2014. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, tuna hospitali kuu ya kaunti, tuna shule za upili zenye mabweni marefu kama treni, tuna masoko ambayo Kaunti yenyewe imeyaezeka, tuna mabohari ya kiwanda. Mapaa hayo hayana mahindi juu yake. Zahanati ikiwa na paneli na betri yake, jokofu la chanjo halitegemei tena huruma ya transfoma. Kisiagi cha soko kikiwa na mtambo wake wa mchana, mama atasagiwa saa nane badala ya kungoja usiku. Huo ndio umeme unaobaki Ekero, na ni huo ninaotaka uwe wa kwanza kwenye mpango wenu.

Baada ya mapaa, ardhi iliyokwisha kufa: mashimo ya murram yaliyoachwa kando ya barabara, viwanja vya viwanda vilivyofungwa, nyua za maghala. Orodhesheni. Sina shaka wapimaji wa Kaunti wanaweza kuizunguka kaunti yote kabla ya bajeti ijayo.

Na kama siku moja italazimu kugusa shamba, basi paneli ziinuliwe juu na kilimo kiendelee chini yake. Jambo hili limeshajaribiwa karibu nasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wakishirikiana na wenzao wa hapa Afrika Mashariki wamepanda mboga chini ya paneli kule Kajiado, na jaribio kama hilo limefanyika Morogoro, Tanzania. Kule kwenye jua kali na maji haba, kivuli kiliisaidia kabichi na mboga nyingine kustawi. Lakini sisi si Kajiado. Shida yetu si jua kuzidi, na mahindi ya Mumias yanapenda mwanga. Huenda mrenda, sukuma na dania vikakubali kivuli, huenda mahindi yakakataa. Hilo lisikisiwe. Tuna Chuo cha Kilimo cha Bukura, tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO hapa Kakamega. Wapewe robo ekari, paneli chache na misimu minne ya kupanda, kisha watuambie. Atakayedai kabla ya hapo kwamba atafuga kondoo na kulima maharagwe chini ya paneli zake, aulizwe ameyaona wapi kwenye mvua kama yetu.

Wengine duniani wameshaweka mipaka yao. Japani imeruhusu paneli juu ya mashamba tangu 2013 kwa masharti kwamba mavuno chini yake yasishuke chini ya asilimia 80 ya wastani wa eneo, na kibali huangaliwa upya baada ya miaka kadhaa. Italia ilipiga marufuku mwaka 2024 paneli za kuwekwa chini kwenye ardhi ya kilimo, ikaruhusu zile zilizoinuliwa ili jembe lipite. Hizo ni nchi tajiri zenye uwezo wa kuagiza ngano kutoka popote. Zimeona haja ya kulinda shamba. Sisi ambao gunia la mahindi likipanda bei nyumba nzima hupunguza mlo, tunangoja nini?

Kuna jambo moja zaidi ambalo Mumias imetufundisha kwa machungu: kampuni hufa. Ile iliyouza hisa zake katika Soko la Hisa mwaka 2001, ambayo watu waliiamini kuliko benki, ilianguka ndani ya miaka 20. Paneli huhesabiwa kudumu kama miaka 25. Ikiwa mwekezaji atafilisika mwaka wa 12, nani atang'oa maelfu ya vyuma vilivyopigwa ardhini, nani atabeba vioo vilivyopasuka, nani ataurudisha udongo wa juu uliosukumwa na tingatinga? Kila kibali kiambatane na amana ya fedha iliyowekwa benki kabla ya chuma cha kwanza kuingia ardhini, itakayotosha kulisafisha shamba, na isiwe mali inayoweza kudaiwa na wadai wa kampuni. Kodi ya ardhi ipande kila baada ya miaka michache kulingana na bei ya mahindi, kwa sababu shilingi ya leo haitanunua gorogoro moja mwaka 2045. Na iwe kukodisha tu. Shamba la Ekero lisiuzwe kwa ajili ya umeme.

Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, haya yanaweza kuwa sheria ya kaunti. Hayahitaji kungoja Nairobi. Kifungu cha 60 cha Katiba kinataka ardhi itumike kwa usawa, kwa tija na kwa uendelevu. Mkitafsiri maneno hayo kwa ajili ya Kakamega, tija ya ardhi yenye mvua misimu miwili ni chakula kwanza. Andikeni mswada, uchapishwe pamoja na ramani inayoonyesha mashamba ya kulindwa kijiji kwa kijiji, kisha mtuletee kwa kikao cha maoni ya umma hapa Ekero. Msikiweke Machi wala Aprili, kwani kila mwenye nguvu atakuwa shambani anapanda. Wekeni Septemba, mavuno yakiwa yameanikwa, siku isiyo ya soko, na muwalete wapimaji wenu waje na ramani kubwa ambayo bibi wa miaka 70 anaweza kuonyeshwa kipande chake kwa kidole.

Tutakuja.

Wenu katika kulijenga taifa,
Mkulima, Ekero